Mrashi wa Mama na Dawa ya Khatib

Mume wangu Khatib alistaafu kuendesha basi mwezi wa Machi, na kufika Aprili alikuwa daktari. Wagonjwa wake hawakulalamika, kwa sababu walikuwa mimea.

Kazi aliyoiacha ni ya basi namba kumi na moja, lile linalouzunguka mji wote wa Birmingham na kurudi pale pale lilipoanzia. Nilidhani mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu vile atakuwa amejifunza kuridhika na hali. Wapi. Kwanza alinipangia upya kabati la viungo. Kisha akanifundisha kuosha mchele. Halafu, alhamdulillahi, akakutana kwenye simu yake na mzee mmoja wa Marekani mwenye kofia ya ukili, anayetibu mimea kwa haidrojeni peroksaidi, na mimi jikoni kwangu nikapumua.

Dawa yenyewe ni ile ya majimaji inayouzwa kwenye chupa ya rangi ya kahawia, ambayo ukiitia kwenye kidonda inatoa povu. Mzee wa simu alisema kijiko kimoja ndani ya kikombe cha maji kinaondoa ukungu kwenye majani, na ukiimimina kidogo kwenye udongo, mizizi iliyoanza kuoza inapata nafuu. Khatib alimsikiliza kwa adabu ambayo sijapata kumwona akimpa mtu yeyote wa ukoo wangu. Akaenda duka la dawa la Nilam, jirani yetu, akarudi na chupa mbili na kinyunyizio cha plastiki. Nyanya zilitibiwa. Mnanaa ulitibiwa. Mti wa jirani wa upande wa pili, uliokuwa umeinamia kwetu, ulitibiwa bila kuombwa ruhusa.

Mimi wakati huo nilikuwa na shughuli yangu. Binti yetu wa pekee, Aida, alikuwa anaolewa mwezi wa Agosti na kijana wa watu wa Northfield, Rashad. Nilikuwa nimejiandaa kumfanyia yote niliyofanyiwa mimi Unguja. Singo ya kumsugua mwili hakutaka, alisema, "Mum, I've got a shower." Kukaa ndani hakutaka, ana kazi. Somo wa kumfunda hakutaka, kwa madai kwamba yote anayajua. Sikumwuliza ameyajulia wapi. Tulivutana kama watu wanaouziana nyumba, na mwisho akanikubalia mambo mawili. La kwanza, atavaa kikuba kichwani, kile kifurushi cha asumini na mrehani na waridi, na asumini itatoka kwenye chungu changu, si ile ya dukani inayokuja kwa ndege na kunuka friji. La pili, atapokea mrashi.

Mrashi ni kile chombo chenye tumbo la mviringo na shingo ndefu ambacho tunawanyunyizia wageni marashi. Wangu ni wa fedha. Mama yangu alinipa nilipoolewa, na yeye alipewa na mama yake. Wiki ile ile ya harusi yangu, familia imekaa inakula, wifi yangu Batula, dada mkubwa wa Khatib, aliunyanyua, akaupima uzito kwa kiganja, akaugonga kwa ukucha, akasema, "Bati lililochovywa." Kisha akaurudisha mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzake.

Khatib alikuwapo. Alikuwa anakula kaimati. Aliendelea.

Tangu siku hiyo, miaka thelathini sasa, kila Batula akitoka kwake Moseley kuja kwetu Acocks Green huulizia hali ya watu wote wa nyumbani, na mwisho husema, "Na bati letu halijambo?" Kila mara ninamtazama Khatib, na kila mara Khatib anatafuta kitu cha kutafuna. Simlaumu mtu kwa kumwogopa dada yake. Ninamlaumu kwa shibe.

Batula ana mrashi wake, aliopewa na mama yake, marehemu mama mkwe wangu. Huo ni fedha tupu, kwa ushahidi wa Batula mwenyewe. Hana binti, ana watoto wa kiume tu, na mwezi wa Mei alinipigia simu kunijulisha kwamba ameshaamua. "Wa kwangu nitampa Aida," alisema. "Mtoto wa kaka yangu hatoki kwao na bati." Nilimwambia Aida ana mama. Akasema anajua, ndiyo maana amepiga mapema.

Basi hilo ndilo lililoninyima raha kiangazi chote. Ukumbi na pilau havikunishughulisha. Nilitaka mwanangu atoke na mrashi wa mama yangu mkononi, mbele ya watu, na watu waujue kuwa ni wa fedha. Na sikuwa na njia ya kuwajulisha. Fedha haina cheti cha kuzaliwa.

Juu ya hayo, asumini yangu ikaugua. Ilikuwa imekaa vizuri kwenye chumba cha vioo cha nyuma, na asubuhi moja nikaikuta majani yana vumbi jeupe, kana kwamba mtu amekuna nazi karibu yake. Nilifuta, likarudi. Vitumba vilivyokuwa vimeanza vikadondoka. Nililia, nasema kweli, na Khatib akanikuta nalia.

"Mama Aida," alisema, "huu ni ukungu tu. Niachie mimi."

Nilimwachia. Sikuwa na mwingine.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Alianza na kijiko kimoja kwa kikombe, kama alivyofundishwa, na kinyunyizio chake cha plastiki kikavunjika mpini siku za mwanzo. Akatafuta kitu kingine chenye matone madogo. Akafungua kabati la vyombo vya heshima. Mume wangu akatia dawa ya ukungu ndani ya mrashi wa mama yangu, akaurudisha mahali pake bila kunitajia, na akaendelea hivyo mwezi mzima na zaidi. Alikuwa akichanganya jioni baada ya kula, anauacha mrashi ndani ya sinki la nje, na asubuhi mimi nimelala ananyunyizia majani, anauosha, anaurudisha kabatini.

Aliona jambo moja lililompendeza sana. Kila akitia dawa, mrashi ulikuwa unachemka wenyewe, bila moto, na kutoa povu shingoni. Alidhani hiyo ni nguvu ya dawa. Akaongeza kijiko, mmea haukudhurika. Akaongeza tena. Kisha akaiona dawa ya Nilam ni ya watoto, akaenda kwenye duka la vitu vya saluni akanunua ile kali ya kupaushia nywele, akawa anachanganya nusu kwa nusu na maji. Mrashi ulipata joto mkononi mpaka akaushika kwa taulo. Asumini ikapona. Majani yakarudi kijani, vitumba vikajaa, na Khatib akaanza kutembea mikono nyuma kama profesa.

Mimi nilichoona ni maua. Nilimshukuru, na nikampikia mkate wa kumimina, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu astaafu.

Siku ya sherehe ya wanawake tulikuwa kwenye ukumbi wa kukodi karibu na stesheni ya Acocks Green. Nilimfunga Aida kikuba mwenyewe. Alikaa kimya, hakuchezea simu, na nilipomaliza akagusa maua kwa vidole akasema kwa Kiswahili, "Kinanukia kama wewe, Mama." Nikamwambia asinilize, wanja umenigharimu muda.

Mrashi nilikuwa nimeuchukua kabatini asubuhi, mbio mbio. Niliusikia umejaa zaidi ya nusu. Nikadhani ni marashi yaliyobaki kwenye shughuli ya mwaka jana, nikayajaliza kwa chupa mpya ya marashi ya waridi. Wageni walipoanza kuingia nikasimama mlangoni nikawanyunyizia mmoja mmoja, mikono, mabega, na kichwani kwa wale niliowapenda. Batula nilimnyunyizia mara mbili. Alikuwa amevaa buibui jeusi jipya la hariri, lililotoka Dubai, kama alivyonijulisha kabla ya salamu. Alijifuta shavu, akautazama mrashi, akasema, "Na bati letu halijambo?"

Nilipoingia jikoni kuangalia sambusa, Khatib alikuwa kwenye mlango wa nyuma, upande wa wanaume, ananikonyeza kama mtu mwenye tumbo la kuendesha.

"Mama Aida. Ule mrashi. Hujawanyunyizia watu?"

"Wote."

Akashika ukuta. Ndipo akanieleza. Alikuwa ametia dozi ya mwisho jana jioni, ya kuaga, na asubuhi kwenye hekaheka za suti na magari akaurudisha mrashi kabatini bila kuimwaga. Nilimwuliza ni dawa gani. Akanitajia. Nilimwuliza ni ile ya Nilam. Akasema si ile ya Nilam, ni ile ya saluni.

Nilikwenda kwenye kidirisha cha jikoni nikawatazama wageni wangu. Ukumbi mzima wa mabuibui meusi, na nywele zilizotoka kutengenezwa, na wifi yangu katikati amekaa kama sanduku la mahari. Nilingoja madoa meupe yaanze. Nilijaribu kufikiri nitasema nini, nikaona njia iliyo nafuu ni kufa. Madoa hayakuja. Batula alinyoosha mkono wake mweusi wa hariri akachukua sambusa, na hariri ilikuwa nyeusi ile ile.

Nilam alikuwa mgeni wetu. Wazazi wake ni watu wa Tanga, Kiswahili chake ni cha dukani lakini hakikwami. Nilimvuta jikoni nikamwambia yote huku nimemshika mkono, maana yeye ndiye mfamasia na yeye pia alikuwa amenyunyiziwa.

"Auntie, alichanganya lini?"

"Jana jioni."

"Ndani ya hii hii?"

"Ndani ya huu huu."

"Ilikuwa inachemka?"

"Anasema kama sufuria."

Nilam akaufungua mrashi, akanusa, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaangalia ndani kwa taa ya simu. Akaanza kucheka, mimi sikuona cha kuchekea.

"Auntie, hakuna peroksaidi humu. Ni maji tu, na rose water yako. Fedha ya kweli haikai na hii dawa, inaivunja vunja. Kile kilichokuwa kinachemka ni hewa inatoka. Mpaka asubuhi imebaki maji. Hii ingekuwa bati, sasa hivi nguo za watu zote zingekuwa kama pundamilia."

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena.

"Kwa hiyo ni fedha."

"Ndani nje. Ingekuwa ya kuchovya tu, huku ndani isingechemka hivyo."

Miaka thelathini, na ushahidi umekuja siku yenyewe, na aliyeshuhudia ana digrii. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Kisha nikakumbuka kuuliza. "Sasa ile asumini imeponaje?"

"Kwa maji, Auntie. Majani yakioshwa kila asubuhi, ukungu ule haupendi. Uncle alikuwa anaogesha mmea tu."

Kwenye ukumbi vigelegele vilikuwa vimeanza. Bwana harusi alikuwa anaingizwa, na Khatib ameingia naye kama ilivyo desturi, kumkabidhi mkewe. Nilitoka na mrashi mkononi. Khatib alikuwa ametazama nguo za wageni, ameona ziko salama, na uso ulikuwa umemrudi. Mtu mmoja akakisifia kikuba cha Aida, akasema hajaona asumini namna hii tangu atoke nyumbani.

"Ilikuwa inakufa," Khatib alisema, kwa sauti ya kwenye basi. "Nimeitibu kwa mkono wangu. Kila siku asubuhi, mpaka imepona. Nilitaka mwanangu atoke na maua ya kwao."

Wanawake wakampigia makofi na vigelegele juu yake. Aida akainama akambusu mkono. Khatib alisimama pale na suti yake inayombana, macho yamejaa maji. Tangu aliposhusha abiria wake wa mwisho hakuna mtu aliyekuwa amempigia makofi kwa jambo lolote. Ninajua, kwa sababu mtu wa kumpigia angekuwa ni mimi.

Hapo ndipo Batula aliposimama. Akafungua kitambaa cha mahameli, akautoa mrashi wake unaometameta, akauweka mikononi mwa Aida. "Huu ni fedha," aliwaambia watu. "Bibi yako anakutazama. Mama yako atabaki na ule wake, ni mzuri kwa matumizi ya jikoni."

Watu walicheka kidogo, kwa adabu. Nilam alikuwa nyuma yangu na nilimsikia akivuta pumzi ya kusema. Nilimkanyaga mguu. Ningefungua mdomo, ningewaambia wote kwamba wa kwangu ndio fedha, na wangeniuliza nimejuaje, na ningelazimika kusema kwamba daktari huyu mliyetoka kumpigia makofi alikuwa ananyunyizia maji. Mbele ya mkwe wake. Nilimtazama Khatib, naye safari hii hakuwa akitafuna kitu. Alikuwa anauangalia mkono aliobusiwa.

"Ahsante, wifi," nilisema. "Umetufaa."

Iliniuma. Nilirudi nyumbani nikaurudisha mrashi wa mama kabatini, nikafunga, na nikaenda kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Mwezi wa Septemba Aida alipiga simu kutoka Northfield. Mama mkwe wake alikuwa amewaletea waridi kwenye chungu, zawadi ya nyumba, na majani yalikuwa yameingia madoa meusi. Khatib alivaa koti kabla hajamaliza kusikiliza. Alikwenda na dawa yake, akampa maelekezo yote: nusu kwa nusu, ndani ya mrashi, uchanganye jioni, unyunyizie asubuhi, kila jani. Alirudi na furaha ya mtu aliyeitwa hospitali.

Kesho yake mchana simu ikalia tena. Khatib akaiweka kwenye spika ili nisikie sifa.

"Dad, it's dead," Aida alisema. "Majani yote yamekuwa white. Yanakatika. She's coming on Sunday, what am I supposed to tell her?"

Khatib alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavua miwani, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa chafu. "Basi nilibahatisha," alisema. "Ile ya harusi nilibahatisha tu. Nimekuwa nikijidanganya, mzee mzima." Sauti yake ilikuwa ndogo, na sikuipenda. Nimeishi na mtu huyu akiwa mkaidi na nimemzoea hivyo.

"Hukubahatisha," nilimwambia. "Mwulize amechanganyia kwenye nini."

"In the mrashi," Aida alisema. "Wa shangazi. Like he said."

"Ulichemka?"

"No. Was it meant to?"

Nilifungua kabati. Nilichukua mrashi wa mama yangu, nikauweka juu ya meza mbele ya Khatib, nikaifungua chupa yake ya saluni na kumimina kiasi. Ukaanza pale pale. Ulinguruma, povu likapanda shingoni na kumwagika mezani, na Khatib akasogeza kiti nyuma huku macho yamemtoka.

"Dawa yako haina kosa, Baba Aida," nilisema. "Ila haipatani na bati."

Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ipo, iko kwangu na kwa Nilam, na haiozi. Chupa ya saluni niliimwaga chooni siku ile ile, na sasa anatumia ile ya watoto.

"So which one's mine?" Aida aliuliza kutoka kwenye spika.

"Wako ni huu unaochemka," nilimwambia. "Njoo uuchukue."

Khatib aliutazama mrashi mpaka ukatulia. Akavaa miwani. Akakata simu ya Aida, akatafuta namba nyingine, akapiga, na akaisimamisha simu mezani kati yetu, karibu na lile povu. Batula alipokea kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi wa mchana.

"Shikamoo, dada," Khatib alisema. "Ule mrashi wako ni bati."

Batula akauliza nani amesema.

"Mimi nimesema. Wa mke wangu ndio fedha. Nimeupima mwenyewe, kwa dawa."

Nilikaa. Miaka thelathini nilikuwa ninangoja maneno yale yatoke kinywani mwake, na yametoka kwa ajili ya kutetea chupa ya peroksaidi. Nimeyapokea hivyo hivyo.